Mgonjwa Hasemi na Kifaa Hakijibu: Pa Kuanzia

Siku ya kwanza kila mtu anafurahi. Ubao wa picha umeletwa, au kishikwambi kimewekwa programu ya kusemea, au daktari amempa mgonjwa kile kitetemeshi cha kusemea kinachoshikwa shingoni. Siku ya tatu kifaa kiko kwenye kabati la pembeni, karibu na chupa ya chai, na ndugu wanasema mzee hakitaki. Wanaoingia wodi za Mwanza wanaijua hali hii, iwe mlimani Bugando, iwe Sekou-Toure, iwe hospitali za wilaya ng'ambo ya maji.

Mara nyingi kasoro haimo ndani ya kifaa wala kichwani mwa mgonjwa. Imo katikati yao: namna tunavyouliza, upande tuliokaa, miwani iliyosahaulika Sengerema, mtu aliyeshika ubao. Kwa hiyo namwomba muuguzi wa zamu na ndugu anayeuguza walifanye neno "hajielewi" kuwa la mwisho kutamkwa. Likishaandikwa au kusemwa mbele ya kitanda, watu huacha kumuuliza mgonjwa chochote, naye anabaki anasikia kila kitu.

Onyo moja kabla ya kugusa kifaa. Mgonjwa aliyekuwa anajibu vizuri asubuhi na sasa amenyamaza ghafla, au mashavu yamepinda, au anapumua kwa shida, au tundu la kupumulia la shingoni linakoroma, au mtu wa kisukari anatoka jasho jingi na kulegea: huyo hana tatizo la mawasiliano la kutatuliwa kwa ubao. Mwite muuguzi papo hapo.

Hajibu kabisa, hata kwa kichwa

Anza na masikio na macho. Je, kabla ya kuugua alikuwa anasikia vizuri? Masikio yote mawili, au kuna moja? Wazee wengi husikia upande mmoja, nasi tunakaa upande ule mwingine kwa sababu ndiko kiti kilipo. Miwani iko wapi? Ubao wenye picha nzuri ni ukungu mtupu kwa mtu anayesomea miwani. Haya ni mambo ya dakika mbili, na ndiyo yanayorukwa kuliko yote.

Kisha uliza kuhusu dawa. Aliye kwenye mashine ya kupumulia kwa kawaida hupewa dawa za usingizi na za maumivu, na kuna nyakati ambapo hata akiamka mwili haumtii. Mwulize muuguzi dozi ya mwisho ilitolewa saa ngapi na ni wakati gani mgonjwa huwa macho zaidi. Kama ni saa moja asubuhi, basi mazungumzo yafanyike saa moja asubuhi, hata kama muda wa kuona wagonjwa haujafika. Zungumza na uongozi wa wodi, maana jambo hili lina sababu ya kitabibu.

Halafu subiri. Ukishauliza, hesabu moja hadi kumi kimyakimya, polepole. Ubongo uliojeruhiwa na kiharusi hupokea swali, hulipanga, hutafuta jibu, hutafuta kiungo cha kulitolea, na kila hatua inachelewa. Ukiuliza tena sekunde ya tatu, umemrudisha mwanzo. Ukiuliza swali jingine sekunde ya tano, sasa ana maswali mawili, na akitikisa kichwa hujui amejibu lipi.

Lugha nayo ikaguliwe mapema. Bugando ni hospitali ya rufaa ya kanda. Anayelala pale anaweza kuwa ametoka Kagera, Mara, Simiyu au kisiwa cha Kome, na Kiswahili chake kikawa ni cha sokoni tu. Mtu aliyejua lugha mbili akipata kiharusi, moja inaweza kurudi kabla ya nyingine, na si lazima iwe ile aliyoitumia kazini. Mwulize bibi kwa Kisukuma, Kikerewe, Kihaya au Kijita, lugha aliyolelewa nayo, kisha ulinganishe. Anayekunja uso kwa Kiswahili na kugeuza macho kwa Kisukuma amekujibu tayari.

Anajibu "ndiyo" kwa kila kitu, au majibu yanagongana

Hapa ndipo penye hasara kubwa, kwa sababu majibu ya namna hii ndiyo yanayowafanya watu waseme akili imeruka. Chunguza swali kabla ya kumchunguza aliyejibu.

Kosa la kwanza ni swali la kukanusha. "Hujala?" Mswahili ambaye hajala hujibu "ndiyo," maana yake ni kweli sijala. Mwingine ambaye hajala atajibu "hapana," yaani hapana, sijala. Katika mazungumzo ya kawaida hatupotei, kwa sababu maneno yanafuatia na kufafanua. Kwa mtu mwenye kichwa pekee cha kutikisa, ufafanuzi haupo. "Huumwi?" "Hawajakubadilisha?" "Si baridi?" Maswali haya yote yafutwe. Sema: "Umekula?" "Unaumwa?" "Unasikia baridi?" Ukibadilisha hili peke yake, kuna wagonjwa ambao majibu yao yatanyooka siku hiyohiyo.

Kosa la pili ni maswali mawili ndani ya moja: "Unataka maji au uji?" Atatikisa kichwa, na hakuna anayejua ameitikia nini. Uliza kimoja. Subiri. Uliza kingine.

La tatu ni ishara isiyoafikiwa. Watu wengi huku kwetu hukubali kwa kuinua nyusi tu, bila kuinamisha kichwa. Daktari kijana anasubiri kichwa kishuke, mgonjwa ameshainua nyusi mara mbili, na faili linaandikwa kwamba hafuati maelekezo. Pia kuna mwenye shingo iliyofungwa au inayouma: kwake kutikisa kichwa ni adhabu. Chagueni pamoja ishara mbili zinazoonekana kwa urahisi na zisizofanana, kwa mfano kufumba macho kwa nguvu kuwa ndiyo na kuangalia juu kuwa hapana, kisha mziandike kwa makapeni herufi kubwa na kuzibandika ukutani juu ya kitanda. Zisiandikwe kwenye faili pekee. Muuguzi wa usiku, daktari wa raundi na binamu aliyetoka Magu wote wazione bila kuuliza.

Sasa zipime kwa maswali ambayo majibu yake unayajua, yaliyo nusu ya ndiyo na nusu ya hapana, yakiwa yamechanganywa. "Hapa ni Mwanza?" "Hapa ni Mbeya?" "Jina lako ni fulani?" Taja la kweli, kisha la uongo. Akikosea mara chache tu, ishara inafaa kutumika. Akijibu ndiyo kwa yote, kuna mambo matatu ya kufikiria. Huenda kiharusi kimegusa uelewa wa lugha yenyewe. Huenda anaelewa lakini kichwa kinatoa ishara asiyoikusudia, hali inayojulikana kwa waliopata kiharusi upande wa kushoto wa ubongo: anatikisa ndiyo huku uso wake umekasirika kwa sababu alitaka hapana. Au huenda ni mchafuko wa akili wa muda unaowapata wagonjwa mahututi, ambao huja na kuondoka ndani ya siku moja. La mwisho hili mwambie daktari, maana lina vyanzo vinavyotibika: maambukizi, dawa, kukosa usingizi, maumivu, hata kufunga choo.

Kwa yule ambaye ishara inamsaliti, acha ndiyo na hapana kabisa. Shika kikombe mkono mmoja na blanketi mkono mwingine, umwache aangalie anachotaka.

Ubao upo, anauangalia, lakini haelekezi au anaelekeza ovyo

Usogeze ubao. Kiharusi cha upande wa kulia wa ubongo kinaweza kumfanya mtu asione, au asijali, chochote kilicho kushoto kwake. Anachagua picha za kulia peke yake, kila siku ni "maji" na "baridi," kwa sababu "maumivu" na "choo" zimepangwa kushoto. Weka ubao upande anaouona, au panga picha kwa safu moja kutoka juu kwenda chini.

Zipunguze picha. Ubao wa picha 40 unapendeza kwa anayeutengeneza. Kwa aliyelala chali na homa, picha nne zinatosha kuanzia, na ziwe za mambo yake: maumivu, kugeuzwa, choo, na mtu anayemtaka. Zikizoeleka, ongeza. Na picha ziwe za vitu vya hapa. Nimeona ubao kutoka nje wenye choo cha kukalia, bilauri ya maji yenye barafu na nesi mwenye nywele za manjano. Mama aliyeutazama hakukosa akili, alikosa kitu cha kutambua. Piga kwa simu picha ya beseni lake mwenyewe, kikombe chake, kitenge chake na uso wa mwanawe, chapisha stesheneri na ufanyie laminesheni. Hiyo inashinda picha nyingi za kununua.

Kuna sababu nyingine isiyosemwa. Mzee haelekezi picha ya kukojoa kwa sababu aliyeshika ubao ni mkwewe. Au mama mtu mzima hataki kuonyesha kifua wala nyonga mbele ya mtoto wa kiume wa dada yake. Ataelekeza "maji," ataelekeza "taa," atafumba macho, na sisi tutasema hajui kutumia. Mbadilishe anayeshika. Mambo ya mwili yashikwe na muuguzi au ndugu wa rika na jinsia inayofaa, na ubao ugawanywe: karatasi moja ya mwili, nyingine ya mambo ya kawaida inayoweza kushikwa na yeyote. Mgonjwa asiyesema bado ana heshima yake ya mkwe na ya mzazi.

Na kuna wasiojua kusoma, ambao huona aibu kulisema hata walipokuwa na sauti. Usimpe mtu kalamu ukahitimisha kwa michirizi aliyoichora. Uliza ndugu pembeni, kwa sauti ya chini.

Anayejua kusoma na kuandika lakini sasa anaandika herufi zisizo na maana, naye ana kiharusi, yumkini lugha yenyewe imejeruhiwa, na kuandika kunatoka kwenye lugha ileile. Ubao wa herufi hautamsaidia kwa sasa. Mpe vitu, picha, na maneno mawili ya kuchagua. Hili huwapata hata watoto: Kanda ya Ziwa ina watoto wengi wenye selimundu (sikoseli), na selimundu huweza kuleta kiharusi kwa mtoto wa darasa la pili. Huyo mpe picha ya uji, ya mama, ya mdoli au mpira, na umwache ashike ubao mwenyewe.

Kama mkono wa kuandikia umefungwa kanula ya dripu, omba ihamishiwe mkono mwingine ikiwezekana. Kwa kiziwi anayetumia Lugha ya Alama ombi hili lina uzito zaidi, maana kumfunga mikono yote ni kumziba kinywa.

Herufi zinachukua muda mrefu mno, wote wanakata tamaa

Mwaka 1985 mwanafizikia Mwingereza Stephen Hawking alitobolewa koo baada ya kuugua nimonia, akapoteza sauti. Kabla ya kupata kompyuta ya kusemea, alizungumza kwa kadi ya herufi: mtu anapitisha kidole, yeye anainua nyusi herufi ikifika. Njia ni hiyohiyo wodini kwetu, na inakwama kwa sababu zilezile.

Ya kwanza ni mpangilio. Ubao mwingi unafuata A, B, C, na ulioletwa kutoka nje una Q na X ambazo Kiswahili hakizihitaji, huku CH ikiwa imegawanywa vipande viwili. Kiswahili kinajaa A kuliko herufi nyingine yoyote, na I inafuata karibu. Mstari wa kwanza uwe A, I, U, N, K. Wa pili uanze na M, W, E. Zinazobaki zifuate kulingana na unavyoona zinavyotumika. CH iwe kisanduku kimoja. Kisha msaidizi asipite herufi moja moja tangu mwanzo: aseme "mstari wa kwanza? wa pili? wa tatu?", mgonjwa atoe ishara, ndipo aingie ndani ya mstari. Andika kila herufi inayopatikana. Usiitegemee kumbukumbu yako, utapotea kwenye ya tano.

Ya pili ni urefu wa maneno yetu. "Ninaomba mnigeuze" ni mlima. Mfundishe aandike kiini pekee: KIU, GEUZA, JOTO, MGONGO. Viambishi ni kazi yako. Maneno anayoyatumia kila siku, kama "sitaki," "bado," "nani amekuja?", yapewe visanduku vyake.

Visanduku vitatu visikose hata ubao ukiwa mdogo namna gani: "nimekosea," "anza upya," na "nachotaka hakipo hapa." Kile cha mwisho kinaokoa saa nzima ya kubahatisha. Asiye nacho huishia kuelekeza kitu kilicho karibu na anachotaka, nawe unaleta maji wakati alitaka kujua kama ng'ombe wamechanjwa.

Na kubahatisha kuwe na adabu. Ukiona M, A, U, unaweza kuuliza "maumivu?" mara moja. Akikataa, endelea na herufi. Ukirusha maneno manane mfululizo umemnyang'anya zamu yake ya kuzungumza.

Hawezi kufuata macho kulia na kushoto

Wengi hupimwa kwa kuambiwa "angalia kushoto," wakishindwa wanawekwa kwenye fungu la wasio na fahamu. Kuna kiharusi cha shina la ubongo kinachofunga mwili mzima, mikono, miguu, kinywa, na hata mwendo wa macho wa pembeni, lakini kinaacha macho yapande na kushuka, na kope zifumbe. Fahamu iko kamili. Kwa hiyo jaribu kila mara: "Angalia juu. Angalia chini. Fumba macho mara mbili." Ukipata jibu hata hafifu, mwite daktari alione kwa macho yake, na tangu dakika hiyo kila anayeingia chumbani azungumze akijua anasikilizwa.

Kwa anayeweza kugeuza macho pande zote, plastiki ngumu inayopitisha mwanga inatosha. Andika herufi kwa mafungu kwenye pembe zake, shikilia kati ya nyuso zenu, na ufuate macho yake kutoka upande wa pili. Ikikosea, kwa kawaida wewe umekaa pembeni. Uso wako uwe sawa na uso wake.

Mwenye ugonjwa wa misuli kuchoka upesi atafumba macho vizuri mara kumi, kisha kope zitalegea na ishara itapotea. Uelewa wake hauna kasoro. Mwache apumzike, ulizeni maswali mazito kwanza, na mpange mazungumzo baada ya dawa yake kufanya kazi.

Mashine za kufuatilia macho kwa kamera bado ni chache kwetu. Ukiipata na inaruka ovyo, kwanza funga pazia: hutumia mwanga usioonekana kwa macho, na jua la alasiri linaloingia kutoka ziwani huuvuruga. Kisha iweke sentimita 60 hivi kutoka usoni, futa miwani, na uipime upya kwa mgonjwa katika mkao alionao sasa; vipimo vya jana akiwa ameketi havifai leo akiwa amelala ubavu.

Ana tundu shingoni, tuliambiwa ataongea, sauti haitoki

Hapa naomba usomaji wa makini, kwa sababu mtu anaweza kufa.

Mrija wa shingoni hukaa chini ya nyuzi za sauti. Hewa ikiingilia na kutokea humo, haipiti kwenye nyuzi, na ndiyo maana hana sauti. Mirija mingi ina kipira cha ndani kinachojazwa hewa ili kuziba njia. Nje kunaning'inia kibofu kidogo: kikiwa kimetuna, kipira cha ndani kimejaa. Vali ya kusemea inaruhusu hewa kuingia kwa mrija na kuilazimisha itoke kwa juu, kupitia nyuzi. Ikiwekwa wakati kipira kimejaa, hewa inaingia na haina pa kutokea. Vali haiwekwi na ndugu, haijaribiwi "kidogo tu," na haiwekwi na mhudumu asiyefundishwa. Hali kadhalika kuziba tundu kwa kidole.

Kama wataalamu wameitoa hewa ya kipira, wameweka vali, na bado sauti ni hafifu au anahema, basi waiondoe mara moja na kutafuta chanzo: mrija mnene unaobana njia, makohozi mazito, uvimbe juu ya mrija, au nyuzi za sauti zilizochubuka na mpira uliopita kinywani wakati wa mashine. Anayehitaji kufyonzwa makohozi afyonzwe kabla ya vali.

Tofauti na hao ni waliotolewa kisanduku chote cha sauti kwa sababu ya saratani. Kwao tundu lile ndiyo njia pekee ya kupumulia maisha yao yote. Mdomo na pua haviungani tena na mapafu. Vali ya namna ile haiwahusu, na kuliziba tundu lao ni kuwanyima pumzi. Iandikwe ukutani, kwa maneno mazito: ANAPUMULIA SHINGONI TU. Hata oksijeni ipelekwe hapo.

Kitetemeshi kinavuma tu, maneno hayasikiki

Kitetemeshi hutuma mtikisiko kwenye koo, na ulimi na midomo ndiyo hutengeneza maneno. Ukisikia mvumo bila maneno, kichwa cha kifaa hakijalala sawasawa kwenye ngozi, au kiko mahali pagumu. Tafuta mahali laini chini ya taya, kidogo pembeni, na kichwa hicho chenye umbo la sarafu kigusane chote na ngozi. Jaribu shavuni pia. Shingo iliyovimba baada ya upasuaji au iliyokakamaa kwa mionzi haipitishi mtikisiko. Hapo tumia kile kimrija kinachoingia pembeni mwa mdomo, kama kifaa kinacho.

Anayeanza hubonyeza kitufe bila kuachia. Afundishwe kubonyeza anapoanza sentensi na kuachia inapoisha, la sivyo msikilizaji hajui kituo kiko wapi. Asisukume pumzi, mlio wa hewa tunduni hufunika maneno. Aseme polepole, akifungua mdomo zaidi ya alivyozoea.

Msikilizaji naye ana kazi. Kifaa hiki kinavuma muda wote, kwa hiyo F husikika kama V, P kama B, T kama D, S kama Z. Mvuvi wa Igombe anaposema anataka kurudi kuvua na binti yake akasikia kufua, au kinyume chake, atazame midomo na aulize tena. Kitetemeshi kikidhoofika sauti taratibu, ni betri.

Kishikwambi au simu ya kusemea

Kinasoma Kiswahili kama Mzungu aliyeshuka jana? Sauti iliyochaguliwa ni ya Kiingereza. Simu nyingi za Android zinakubali kupakua sauti ya Kiswahili. Ipakue ukiwa na intaneti, kisha zima data ujaribu kama bado inasema. Kwa lugha za nyumbani, rekodi sauti ya ndugu akisema kila kitufe. Bibi anayesikia ombi lake likitoka kwa sauti ya mjukuu wake, kwa Kikerewe, hukishika kifaa hicho kwa namna tofauti kabisa.

Kinabonyeza vitu visivyokusudiwa: kiganja kinagusa kioo, au mkono unatetemeka. Ongeza muda wa kushikilia kabla kitufe hakijakubali, kuza vitufe, weka kitambaa chini ya kiwiko. Kinagoma kugusika: kausha vidole na kioo. Kinazimika kila mara: ondoa kujizima na ukifungie kwenye programu hiyo peke yake, ili simu za pole zisikatize katikati ya sentensi.

Hakichaji: soma maandishi ya chaja. Yakiwa 100–240V, tumia adapta tu. Yakiwa 120V pekee, kama vifaa vingine vya msaada kutoka Marekani, usichomeke; umeme wetu ni 230V. Na kamwe usichomoe mashine yoyote ya hospitali ili upate tundu la kuchajia. Pawabenki inatosha, tena inakuvusha umeme ukikatika.

Kwa mgonjwa wa pepopunda zima sauti kabisa. Taya zimefungwa, akili ni timamu, na kelele, mwanga mkali au mguso wa ghafla huamsha mkazo wa mwili mzima. Zungumza naye kwa sauti ya chini, katika giza la kiasi, akujibu kwa macho.

Kinafanya kazi mchana tu, au kilipotea baada ya zamu kubadilika

Kifaa kinafungiwa kabatini kwa kuogopa wizi. Hofu hiyo ni ya haki, ila mgonjwa anabaki bubu kuanzia jioni. Kila kifaa cha umeme kiwe na mwenzake wa karatasi unaofungwa kamba kitandani, mkono unapofika. Kengele nayo: asiyesema hawezi kuita "nesi." Mpe kengele ndogo, filimbi kama pumzi inamruhusu, au chupa yenye kokoto aisukume kwa mkono unaoweza.

Ubao wa laminesheni ufutwe kwa dawa kabla ya kwenda kitanda kingine. Wa karatasi haurithiwi. Uende na mwenyewe.

Akiruhusiwa kwenda nyumbani, iwe Nyakato au kambi ya uvuvi kisiwani ambako umeme ni wa sola, usimkabidhi kifaa pekee. Mkabidhi mtu. Ndugu mmoja atakayekaa naye akae kitandani siku mbili kabla, ashike ubao, aulize, asubiri, aandike herufi, huku muuguzi anatazama. Kwenye karatasi ya ruhusa ziandikwe ishara ya ndiyo, ishara ya hapana, upande anaosikia, lugha anayoielewa zaidi, na kama anapumulia shingoni. Karatasi hiyo ipigwe picha na itumwe kwa mhudumu wa zahanati ya kijijini kabla mgonjwa hajapanda meli.